Korosho haina mshahara: mkulima ahesabu kabla ya kununua nyumba Dar

Kila inapofika Oktoba na minada ya korosho kuanza, maongezi ya Nachingwea na Ruangwa hubadilika. Kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye maghala ya vyama vya msingi na kwenye foleni za benki, swali huwa moja: fedha ya msimu huu ifanye nini? Zamani jibu lilikuwa bati, baiskeli au pikipiki. Siku hizi jibu linalosikika sana ni kiwanja Dar es Salaam.

Hamu hiyo si ya kubezwa. Watoto wanasoma vyuo vya Dar. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Muhimbili, familia huhangaika kutafuta pa kufikia. Mfanyabiashara mdogo anayefuata mzigo Kariakoo naye amechoka kulala nyumba za wageni. Zaidi ya hayo, kila mtu anamjua mwenzake aliyenunua Mbagala wakati kukiwa na mikorosho na minazi, ambaye leo ana nyumba ya kupangisha.

Hata hivyo, jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022 si Mbagala ile ya minazi. Bei zimepanda, maeneo mazuri yamekwisha kushikwa, na anayeshuka kwenye basi na fedha ya korosho mfukoni anajulikana kwa madalali hata kabla hajafungua kinywa. Hatari kubwa ni kwamba familia inaweza kupoteza vyote viwili: shamba lililokuwa likiilisha, na kiwanja ambacho haikuwahi kukijenga.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba korosho haina mshahara. Mfanyakazi wa ofisini hulipwa kila mwezi, naye hukatwa mkopo wa nyumba kila mwezi. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, na kiasi chake hakijui mpaka mnada ufanyike. Ufuta na mbaazi husaidia kuziba pengo, lakini navyo vina msimu wake.

Bei yenyewe haitabiriki. Katika msimu wa 2017/2018 korosho ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Msimu uliofuata wanunuzi walitaja bei ndogo, Serikali ikaamua Novemba 2018 kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Msimu wa 2023/2024 bei zilizunguka shilingi 2,000. Oktoba 2024 minada ya mwanzo ikapita tena shilingi 4,000.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye mikorosho 200, na tuseme kila mti unampa kilo 10. Hizo ni kilo 2,000. Bei ikiwa shilingi 4,000, anapata shilingi milioni 8. Ikiwa shilingi 2,000, anapata milioni 4. Tuseme palizi, kupulizia dawa, kuokota na makato ya mauzo vinachukua milioni 1.5. Mwaka mzuri anabaki na milioni 6.5, na mwaka mbaya anabaki na milioni 2.5.

Sasa mkulima huyo anashawishiwa kununua kiwanja cha shilingi milioni 9 kwa awamu za miezi 24. Kila mwezi anatakiwa kulipa shilingi 375,000, sawa na milioni 4.5 kwa mwaka. Mwaka mzuri ataweza, ingawa kwa kubanwa. Mwaka mbaya atapungukiwa milioni 2 kabla familia haijala, haijavaa wala haijalipa ada.

Hapo ndipo shamba huanza kuuzwa kipande kimoja kimoja ili kuokoa kiwanja. Mkorosho uliochukua miaka kukua unauzwa siku moja, na mwaka unaofuata mapato ya kulipia awamu zilizobaki yanakuwa madogo zaidi. Anayenunua kwa njia hiyo anakata tawi alilokalia.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza iwe hii: shamba la mikorosho lisiuzwe ili kununua kiwanja cha mjini. Kiwanja kinunuliwe kwa ziada ya shamba. Kama ziada haipo, wakati wa kununua haujafika. Mwenye mtoto chuoni apige hesabu ya kodi ya chumba kwa miaka mitatu, kisha ailinganishe na bei ya kiwanja pamoja na tofali, saruji, nondo, bati, maji na umeme. Mara nyingi ataona kwamba kupanga ni nafuu kwake, na mtoto akimaliza chuo mzigo unakwisha.

Wauzaji wa viwanja nao wanaweza kubadilika. Hakuna sababu ya kumdai mkulima kila mwezi kama mtu wa mshahara wakati fedha yake huingia kwa msimu. Vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vinauza korosho za wanachama kwa pamoja. Vinaweza pia kuwasaidia wanachama kudai mikataba ya malipo ya msimu kwa msimu, tena iliyosomwa na mwanasheria. Mtu mmoja mmoja hana nguvu hiyo.

Kwa yule ambaye ziada anayo na sababu ya kuwa Dar anayo, swali linalofuata ni wapi. Kariakoo, Ilala na Magomeni ni karibu na kila kitu, lakini bei yake si ya mkulima. Upande wa kusini una mantiki zaidi kwa watu wa Lindi: Mbagala, Chamazi, Mbande, Kongowe, na kuendelea Vikindu hadi Mkuranga katika Mkoa wa Pwani. Barabara ya Kilwa inapita huko, na ndiyo njia ya kwenda nyumbani. Kigamboni kulifunguka zaidi baada ya daraja kuzinduliwa mwaka 2016, lakini mnunuzi aingize katika hesabu tozo ya daraja au nauli ya kivuko.

Bei ndogo isimpumbaze mtu. Kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali na barabara hudai nauli ya kila siku, na nauli haina mwisho. Maji yakiwa ya kununua kwa boza au kwa madumu, nayo ni gharama ya kila siku. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aende mwenyewe, tena wakati wa masika, aone maji ya mvua yanapita wapi, na awaulize majirani badala ya dalali.

Dar es Salaam imekwisha kutoa mafunzo makali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waliopoteza makazi mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X na nyingi zikabomolewa. Mwaka 2017 wakazi wa Kimara kuelekea Kiluvya walibomolewa nyumba zao kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala, na nyumba nyingi za karibu zikaharibika. Bondeni, katika hifadhi ya barabara na jirani na ghala la silaha si mahali pa kumweka mtoto, hata bei ikiwa ya kutupa.

Baada ya mahali, zifuatwe karatasi. Wengi huamini kwamba muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unatosha. Hautoshi. Muhuri huo unaonyesha kwamba watu fulani walikutana mbele yake, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Mnunuzi adai namba ya kiwanja na kitalu, aone ramani ya upimaji, akague mawe ya mipaka, kisha afanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Ada ya upekuzi ni ndogo sana ukiilinganisha na kiwanja kilichouzwa kwa watu watatu.

Malipo yapite benki, mbele ya wakili, na risiti zitunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa awamu usomwe wote, hasa kifungu kinachosema nini kitatokea mlipaji akichelewa: je, fedha aliyokwisha kulipa itarudi, au itakwenda pamoja na kiwanja?

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wengi hulikwepa. Shamba la Nachingwea au Ruangwa limelimwa na mume, mke na watoto. Korosho zimeokotwa zaidi na mikono ya akina mama. Lakini kiwanja cha Dar kinapoandikwa, mara nyingi huandikwa jina moja tu, na pengine mke hajui hata kiko mtaa gani. Siku mwenye jina akifariki, ndugu wanasimama upande mmoja, mjane na watoto upande mwingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini mume aliyemficha mkewe nyumba amemnyima hata nafasi ya kudai haki hiyo. Kama fedha ni ya jasho la wote, hati iandikwe majina ya wote. Nyumba ya familia ambayo familia haiijui haistahili kuitwa hivyo.

Pamoja na yote hayo, ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana: kununua kiwanja kilichopimwa katika mji wa Nachingwea au wa Ruangwa. Nyumba ya huko iko karibu na shamba, mafundi wanafahamika, na mwenye nyumba anaweza kuisimamia mwenyewe kuliko kumtegemea msimamizi aliye zaidi ya kilomita 500. Mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar kwenda Lindi eneo la Somanga Mei 2024, wenye mali pande zote mbili walionja maana ya umbali huo. Mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara anayehamia wilayani naye anatafuta nyumba ya kupanga.

Nako kuna tahadhari zake. Nachingwea inajua historia ya mji kujengwa juu ya tumaini moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Leo Ruangwa inazungumza habari za madini ya kinywe. Asinunue mtu kwa bei ya ndoto ya mgodi, na kabla ya kununua karibu na maeneo ya utafiti wa madini aulize halmashauri kama ardhi hiyo imeshatengwa au kufanyiwa tathmini ya fidia.

Mpangilio wa busara ni huu. Kwanza, shamba liboreshwe, mikorosho iliyozeeka ibadilishwe na akiba ya msimu mmoja mbaya iwekwe benki. Pili, ijengwe nyumba imara karibu na mapato, kijijini au mjini wilayani. Tatu, kama ziada bado ipo na kazi ya Dar ipo, kinunuliwe kiwanja kidogo kilichopimwa, chenye barabara na maji, kwa fedha ya msimu iliyokwisha kuingia, si ya msimu unaotarajiwa.

Dar es Salaam haitakimbia. Kiwanja kilichokosekana mwaka huu kitapatikana kingine mwakani, pengine mbali kidogo na pengine kwa bei ya juu kidogo. Lakini shamba la mikorosho lililouzwa kwa haraka halirudi, na watoto walioahidiwa nyumba mjini ndio watakaolala bila nyumba na bila shamba.