Babu Soksi ana kiu

Mzazi mwenzangu, siku tuliyofunga mizigo kwenda Oman kumtembelea kaka yangu, niligombana na mwanangu wa miaka sita kwa sababu ya soksi.

Soksi yenyewe ni kuukuu ya baba yake, imejazwa vitambaa. Jicho moja ni kifungo cha shati, jingine kifungo cha koti. Mtoto anaiita Babu Soksi na huenda nayo mpaka kwa kinyozi. Nilitaka ibaki nyumbani. Mume wangu akacheka: "Mwache aende naye, mama watoto. Babu hana nauli."

Siku ya tatu kaka alitupeleka Jabal Shams, mlima wa takriban mita 3,000. Kutoka Muscat ni zaidi ya saa tatu kwa gari. Kando yake kuna Wadi Ghul, korongo lenye kina cha kama kilomita moja, ambalo wageni huliita Grand Canyon ya Uarabuni. Ni mawe makavu, vichaka vichache na mbuzi.

Kutoka kijiji cha Al Khitaym kuna njia ya miguu inayopita ukingoni mwa korongo hadi kijiji kilichohamwa zamani. Kwenda tu ni karibu kilomita nne, na njiani hakuna duka wala bomba. Upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo. Tukakubaliana mtoto ashikwe mkono muda wote, apite upande wa mwamba. Nami nikaongeza langu: "Sitaki kusikia mtu analialia njiani."

Mwanzo ulikuwa wa raha. Mbuzi mmoja alijaribu kumla Babu Soksi, tukacheka sana. Baadaye nikasikia, "Mama, Babu Soksi ana kiu." Nikajibu, "Mwambie avumilie." Tukaenda. "Mama, Babu Soksi kichwa kinamuuma." Nikacheka tena. Mara ya tatu, "Babu Soksi anataka kurudi kwa mjomba."

Aliyesimama ni wifi yangu, si mimi. Akamtazama mtoto midomo, imekauka. Akauliza amekojoa lini. Tangu alfajiri. Hewa ya mlimani ilikuwa na ubaridi, ndiyo maana tulijisahau: hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hupotezi maji.

Tukakaa kwenye kivuli cha mwamba, akanywa kidogo kidogo, akala biskuti za chumvi, kisha tukarudi taratibu. Kile kijiji hatukukiona. Karibu na gari mtoto akasema anataka kukojoa, na sijawahi kufurahia neno hilo kiasi kile.

Usiku nilimuuliza, "Kwa nini hukusema ni wewe mwenye kiu?"

Akanijibu bila hasira, "Ulinikataza mimi kulia. Babu Soksi hukumkataza."

Nilikosa la kusema. Mtoto alikuwa ameniambia mara tatu, nami mara zote tatu nilidhani anacheza.

Kwa hiyo, ukisafiri na mtoto mwenye mdoli wake wa ajabu, usimwache mdoli nyumbani. Akisema mdoli ana njaa, anaogopa au amechoka, muulize mdoli kwa upole: tangu saa ngapi? Panaposikika maumivu ni wapi? Majibu utakayopata ni ya mtoto.

Penye jua na ukavu, mnyweshe kwa saa, usingoje aombe. Maji yakibaki nusu, mnatakiwa muwe mmeshageuka muda mrefu. Na kabla ya kutoka, mwambie wazi kwamba kusema "nimechoka" si kulialia.

Jumamosi iliyopita tulikwenda ufukweni. Nilifunga chupa tatu ndogo: yangu, ya mtoto, na ya Babu Soksi. Ya Babu ndiyo iliyoisha kwanza.