Kliniki si ya kuruka, vijana!

Kijana wa Ujiji au Mwanga akisikia mkewe hakwenda kliniki, husema: "Si mzima huyu? Ataenda mwezi ujao!" Hapo ndipo tunapozikana. Kifafa cha mimba hakipigi hodi. Presha hupanda mama akiwa bado anaanika dagaa, na kipimo ndicho kinachoifichua. Siku moja ikipita si mwisho wa dunia, lakini aende kesho yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio kutoka manne hadi manane, halikupunguza! Na vigogo nao watujibu: Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito atibiwe bure. Mbona wake zetu wa mwambao, baada ya nauli ya boti, bado wanaambiwa waje na glavu zao?