Mkato Si Pambo

Mwandishi aliyedai kwamba walimu wa Kiingereza wa Njombe na Makambako wanapoteza muda kusahihisha mikato, kwa kuwa maana itaeleweka tu, amekosea, na kosa lake litawaumiza wanafunzi wetu.

Chukua sentensi hii: "The farmers who grow avocados were paid." Waliolipwa ni wakulima wa parachichi peke yao, wa viazi na wa chai hawamo. Sasa tia mikato miwili: "The farmers, who grow avocados, were paid." Hapo wakulima wote wanaozungumziwa wanalima parachichi, na wote wamelipwa. Maneno ni yaleyale. Kwa anayesaini mkataba na mnunuzi wa nje, tofauti hiyo ni fedha.

Kule Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwaunga mkono kwa sababu sheria ilikosa mkato mmoja; mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Mwandishi huyo anasema Kiswahili hakina usumbufu huo wa mikato. Ndiyo maana mtoto afundishwe! "Mvua ilinyesha, lori likakwama" ni Kiswahili safi, kwani -ka- imeshaunganisha. Lakini "It rained, the lorry got stuck" inahesabiwa kosa: Kiingereza sanifu kinataka "and", au nukta.

Sekondari zetu zinatahini kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya kata, asiye na mwalimu wa ziada nyumbani, ana kalamu nyekundu ya mwalimu wake tu. Tusimnyang'anye.