Leseni, Kibali au Ithibati? Kiswahili Langoni mwa EPZ

Anayesafiri kutoka Nairobi kuelekea Namanga hupitia Athi River, na hapo hulikuta eneo la kutayarishia bidhaa za kuuzwa ng'ambo, au EPZ kama tulivyozoea kuliita. Maeneo ya aina hii yalianzishwa kwa Sheria ya mwaka 1990. Mengi yamesemwa kuhusu viwanda vya nguo vilivyoongezeka baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, na kuhusu kampuni kusamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Wasiotajwa sana ni watoa huduma: wapishi, walinzi, wafagiaji, mawakala wa forodha. Nao pia huhitaji kibali kabla ya kufanya kazi ndani ya ua lile.

Tumchukue mpishi. Ana leseni ya biashara kutoka kaunti, naye huamini kwamba amemaliza. Kumbe bado: anatakiwa cheti cha daktari kuthibitisha kwamba hana maradhi ya kuambukiza kupitia chakula, kisha kibali cha kuhudumu humo. Kampuni ya ulinzi nayo ina usajili wake chini ya Sheria ya mwaka 2016, na wakala wa forodha hana budi kuihuisha leseni yake kila mwaka. Sina ugomvi na masharti haya. Nani angependa kulishwa na asiyepimwa?

Ugomvi wangu ni wa lugha. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Asiyeielewa fomu humwendea dalali, akamlipa ili asomewe kile ambacho alistahili kujisomea. Ataambiwa ni "leseni" nyingine, alipe tena, na hatajua kama ameibiwa au la.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa isimu tunapohusika. Leseni humruhusu mtu kufanya biashara. Kibali humruhusu kuifanya mahali au wakati maalumu. Ithibati ni uthibitisho wa chombo kilichomkagua kwamba anaimudu kazi. Wenzetu wa Tanzania wamelizoea neno hili la tatu, hata wana Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Sisi huyarundika yote katika "leseni", kisha tunashangaa raia anapochanganyikiwa.

Wapo watakaodai kwamba mwenye biashara hakosi Kiingereza. Huenda mwenye kiwanda hakikosi. Mwenye sufuria je? Na hata anayekizungumza vizuri anaweza kushindwa na Kiingereza cha mawakili.

Lawama nyingine ni yetu. Miradi yetu ya tafsiri hurudia hadithi fupi zilezile mwaka baada ya mwaka. Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayesomea tafsiri apewe fomu moja ya masharti, aitafsiri chini ya mhadhiri, na wakili aikague, kwa maana kosa dogo kati ya "lazima" na "anaweza" linaweza kumfungia mtu biashara. Fomu ya mpishi ndiyo fupi zaidi. Tuanze na hiyo muhula ujao.