Fidia kwa Waathirika wa Vita: Hukumu ni Hatua ya Kwanza, Ushahidi Ndio Msingi

Na Mwandishi Wetu

Februari 9, 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) yenye makao yake The Hague, Uholanzi, iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) fidia ya Dola za Marekani milioni 325 kutokana na madhara ya vita vilivyopiganwa kati ya mwaka 1998 na 2003. Uamuzi huo ulitolewa zaidi ya miaka 16 baada ya Mahakama hiyo kutamka, Desemba 19, 2005, kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa na inawajibika kulipa.

Kati ya fedha hizo, Dola milioni 225 ni kwa ajili ya vifo na madhara mengine yaliyowapata watu, milioni 40 kwa uharibifu wa mali, na milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa. Malipo yalipangwa kufanyika kwa awamu tano za Dola milioni 65 kila mwaka, na Uganda ililipa awamu ya kwanza Septemba 2022.

Kiasi hicho ni sehemu ndogo ya madai yaliyowasilishwa. DRC ilidai zaidi ya Dola bilioni 11, ikieleza kuwa raia 180,000 walipoteza maisha. Mahakama ilikubali kwamba vita huteketeza kumbukumbu na kuwatawanya mashahidi, lakini ikaona ushahidi uliotolewa hautoshelezi idadi hiyo. Ilikadiria vifo kuwa kati ya 10,000 na 15,000, kisha ikatoa kiasi cha jumla kwa kila aina ya madhara badala ya kukokotoa hasara ya kila mtu.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa kwa mwananchi. Shauri la ICJ ni la nchi dhidi ya nchi, hivyo fedha hulipwa kwa Serikali, nayo hubaki na wajibu wa kumtambua aliyeumia na kumfikishia haki yake. Kwa kazi hiyo DRC iliunda mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao Kisangani, mji ambao Juni 2000 uligeuzwa uwanja wa mapigano ya siku sita baina ya majeshi ya Uganda na Rwanda.

Mfano wa kumtambua mwathirika mmoja mmoja upo katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC). Machi 2017, katika kesi ya Germain Katanga kuhusu shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri, majaji walipitia maombi 341 na kuwatambua waathirika 297. Kila mmoja alipewa Dola 250 za kutambua madhila yake, pamoja na fidia ya pamoja inayohusu makazi, elimu, shughuli za kipato na huduma ya kisaikolojia. Kwa kuwa mtuhumiwa aliyetiwa hatiani hakuwa na mali, Mfuko wa Waathirika wa Mahakama hiyo ulibeba gharama. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zilimfikia mtu aliyethibitishwa.

Suala hili linaigusa pia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imewahifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996. Miongoni mwa waliokimbia vita hivyo wapo walioshuhudia vifo vya ndugu na kupoteza nyumba, mashamba na mifugo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo, fomu ya matibabu, hati ya shamba na maelezo ya shahidi yaliyoandikwa mapema vyaweza kuonekana makaratasi tu leo, lakini siku shauri litakapofika mbele ya majaji, ndivyo vitakavyosema kwa niaba ya waliokwisha kunyamazishwa.

Kwa msingi huo, uwajibikaji wa kisheria hauanzii The Hague. Unaanzia katika rejesta ya kijiji, zahanati na kambi, na unakamilika pale tu fidia inapomfikia aliyedhurika.