Nyaya za Gari Kuukuu: Nani Atazisoma Kesho?

Mtu wa Pwani akitaka kukijua chombo, hatazami rangi, hutazama kamba. Jahazi laweza kupakwa mafuta ya papa likang'ara kama jipya, lakini ikiwa henza imechoka na demani imeliwa na chumvi, siku ya kusi kali ndipo nahodha atakapojuta. Hayo niliyakumbuka nikiwa mbali sana na bahari, huko Sirisia katika kaunti ya Bungoma, magharibi ya Chwele, mahali ambapo Mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini na mpaka wa Uganda hauko mbali.

Nilikuwa mgeni wa mwalimu mmoja mstaafu. Chini ya mparachichi katika ua wake palikuwa na Peugeot 504 ya pikapu, boneti imefunguliwa na dashibodi imeng'olewa, nyaya zinaning'inia kama matumbo ya samaki sokoni. Gari hilo limebeba mahindi kwenda soko la Chwele, limebeba wagonjwa usiku wa manane, limebeba maharusi na majeneza. Msimu mmoja likakaa miezi kadhaa kando ya magunia ya mahindi, na panya, ambao hawana staha kwa mali ya mtu, wakatafuna mpira wa nyaya. Siku mwalimu alipowasha taa, moshi ukatoka chini ya usukani. Bahati njema mwanawe alikuwa mwepesi wa mkono. Alichomoa kichwa cha betri kabla moto haujashika.

Basi gari lataka nyaya mpya, tita zima, lile ambalo mafundi wetu huliita "wairing" tu. Na hapo ndipo yalipoanza mabishano, kwa kuwa washauri walikuwa watatu na kila mmoja alikuwa na lake. Mtoto mkubwa wa mwalimu, aliyeko ng'ambo, ataka kuagiza tita lililotengenezwa kwa kielelezo cha kiwandani. Jamaa wa vyuma chakavu mjini Bungoma asema analo la gari lililogongwa, na bei yake ni ya kindugu. Naye fundi kijana wa pale pale Sirisia asema, "Mwalimu, niachie mimi. Nitasuka yote kwa mkono wangu."

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kujisumbua na gari la kale? Jibu la kwanza ni la historia, nalo linatugusa sisi wa Pwani. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, lakini nyingi zilizozunguka Kenya ziliunganishwa kwetu Mombasa, na kazi hiyo iliendelea nchini hadi mwaka 2004. Kabla yake 404 ilikwisha jipatia jina, ikashinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Wamarekani walikuwa na magari yao ya misuli, kama vile Pontiac GTO na Ford Mustang za mwaka 1964 na kuendelea, yenye injini kubwa za kutimua vumbi kwenye barabara iliyonyooka. Misuli ya gari letu ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa misuli ya kupanda mlima kwenye matope, na magunia juu, na watu juu ya magunia.

Jibu la pili ni la mfuko. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limezidi umri wa miaka minane, na hata hilo la miaka saba bei yake si ya pensheni ya mwalimu. Mwenye kuukuu lake linalotembea ana mali, almuradi lisimwunguze.

Turudi kwa washauri watatu. Huko Marekani mwenye kufufua Mustang hupata maduka yanayouza matita mazima ya nyaya, nayo ni ya aina mbili. Iko aina inayofuata kiwanda kwa kila rangi na kila urefu, kwa wapendao gari libaki kama lilivyozaliwa. Iko na aina ya jumla, yenye njia nyingi zaidi na fyuzi nyingi zaidi, kwa aliyeongeza redio, feni ya umeme na taa kali. Hivyo hata huko kwenye wingi wa vitu, mtu haanzi kwa kuuliza "Lipi ni zuri?" Huanza kwa kuuliza, "Gari langu lina nini, na nitalifanyia kazi gani?" Swali hilo laweza kuulizwa Sirisia bila ya kulipa senti.

Tita la ng'ambo lina sifa zake. Urefu umepimwa, vichwa vimebanwa kwa mashine. Lakini gari la mwalimu si lile lililotoka kiwandani. Altaneta imebadilishwa, taa zimebadilishwa, swichi ya ufunguo ni ya gari jingine kabisa. Tita la asili likifika litakuta wenyeji wapya na halitajua pa kushika. Ongeza nauli na ushuru, na ngoja ngoja ya bandarini.

La chakavu nalo lina mvuto wa urahisi. Lakini nyaya huzeeka hata zikiwa zimelala. Mpira hukauka karibu na injini, ukaupinda ukapasuka kama gamba la muhogo. Unyevu huingia vichwani, shaba ikageuka kijani. Kununua tita la gari lililozeeka ili kuponya gari lililozeeka ni kumwazima mgonjwa shuka la mgonjwa mwenzake. Faida yake ni kubakisha vichwa na viungo vyake vya asili, ambavyo siku hizi ni adimu.

Yabaki la fundi wa kienyeji, ambalo wengi hulidharau. Mimi silidharau, lakini nina masharti, nayo yanatokana na hesabu. Chukua taa kubwa mbili za wati 60 kila moja. Jumla ni wati 120. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 10. Ampea hizo zikipita katika waya wa shaba wa milimita mraba 1 kwa urefu wa mita 4, kiasi cha volti 0.7 hupotea njiani. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, na kinachopotea hakifiki volti 0.3. Na kinachopotea hakiendi bure. Hugeuka kuwa joto, na joto likizidi ndilo linaloyeyusha mpira. Kwa hiyo fundi asemaye "waya ni waya" hajasema neno.

Kisha kuna waya wenyewe. Waya wa nyumba aghalabu huwa na uzi mmoja mnene, na kazi yake ni kulala ndani ya ukuta asitikiswe na mtu. Ukiutia kwenye gari la barabara ya vumbi na mabonde, utatikisika hadi ukatike ndani ya mpira wake, na jicho lisione. Waya wa gari huwa na nyuzi nyembamba nyingi, unaopindika bila kulalamika. Na liko balaa jingine madukani: waya unaouzwa kuwa ni shaba ilhali ndani ni alumini iliyovishwa shaba kama koti. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Mwenye kuuza waya huo kwa jina la shaba ni sawasawa na mwenye kupunja mizani, na hukumu ya mwenye kupunja mizani wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa.

Fyuzi nayo ina fitina yake. Watu hudhani fyuzi yalinda taa au redio. La, fyuzi yalinda waya. Ndiyo maana ukubwa wake hufuata unene wa waya. Magari ya zama zile yalikuwa na fyuzi chache, moja ikichunga vifaa kadhaa, na ikikatika njiani dereva huivika karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha msumari ili afike nyumbani. Huyo amemwondoa mlinzi akamwacha mwizi mlangoni. Anayesuka upya ana fursa ya kugawa kazi: taa za kulia na fyuzi yao, za kushoto na yao, honi na yake, ili jambo likiharibika liharibike peke yake.

Lakini sharti langu kubwa kuliko yote ni la kusomeka. Pande za Kitale, ambako mashamba makubwa yalizoea Land Rover, mafundi wazee wanaijua lugha ya rangi za Kiingereza kama sisi tunavyojua majina ya kamba za jahazi. Kahawia ni umeme utokao kwenye betri moja kwa moja. Nyeupe ni wa swichi ya ufunguo. Kijani ni uliopita kwenye fyuzi baada ya ufunguo. Buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni athi. Mfaransa ana mpango wake mwingine, hivyo fundi wa Land Rover asiingie kwenye Peugeot kwa mazoea. Sasa fundi wa kando ya barabara, kwa kubana gharama, hununua bunda moja jekundu akasuka gari zima kwa rangi hiyo moja. Leo linawaka. Kesho taa ya breki ikizima, nani atajua uzi upi ni upi kati ya nyekundu arobaini?

Nilimwuliza yule kijana habari hiyo. Akacheka kwa haya, kisha akanijibu kweli tupu. "Mzee, nikiweka rangi na kumwandikia Mwalimu yote, si kesho atalipeleka kwa mwingine? Mimi nitakula nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la waya tu. Ni riziki ya mtu. Kijana hana duka wala cheti. Siri yake ndiyo bima yake. Lakini siri hiyo hiyo ndiyo inayochoma magari, kwa sababu fundi wa pili, asiyeelewa kazi ya wa kwanza, hukata na kuunga, wa tatu akaunga juu ya kiungo, hata tita likawa donge. Sisi wa Pwani twajua hasara ya ujuzi usiorithishwa. Mitepe iliyoshonwa kwa kamba ilivuka bahari hii kwa karne nyingi. Leo utaiona kwenye vielelezo vya makumbusho.

Na mambo yanakuja yatakayomlazimisha kila mwenye gari kuliangalia hili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi, na ndani yake mlikuwa na pendekezo kwamba hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa yakaguliwe. Watu walilalamikia ada na usumbufu, na hawakukosea kuuliza. Lakini mimi nasema ukaguzi peke yake ni kumpima mgonjwa homa bila kumpa dawa. Taa zitawaka siku ya ukaguzi hata zikiwa zimeungwa kwa karatasi ya sigara. Dawa iko kwa fundi. Ipo Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayotahini mafundi kwa madaraja. Ipo pia sera ya serikali ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila ya kukaa darasani. Huduma hizo zikimfikia kijana wa Sirisia chini ya mparachichi wake, atakuwa na cheti cha kumlinda, na hatahitaji tena kujificha nyuma ya waya mwekundu. Wakati huo huo wakaguzi wa bidhaa waende kwenye rafu za maduka, wakwangue waya kwa wembe kama tulivyokwangua sisi.

Mwalimu aliamuaje? Alimpa kazi kijana. Waya alinunua yeye mwenyewe mjini Bungoma, rangi saba na unene wa namna tatu, na kila bunda akalikwangua mbele ya mwenye duka. Tita la zamani halikutupwa. Lilitandazwa juu ya ubao, misumari ikapigwa kila penye tawi, na jipya likasukwa kwa kufuata njia hiyo hiyo. Vichwa vilivyokuwa vizima vikaokolewa. Kila tundu la bati ambamo nyaya hupita likavishwa mpira. Na katika daftari la shule, ukurasa baada ya ukurasa, kijana akaandika rangi, mahali unapotoka waya na mahali unapofika. Daftari moja hukaa garini, la pili analo mwenyewe. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu akamtaka aandike jina lake na nambari ya simu.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia, "mimi nilifundisha watoto wa watu kusoma. Hawakuacha kunijia eti kwa kuwa wamejua. Walinijia zaidi."

Nami nikiwa kwenye matatu ya kurudi Bungoma nilimtungia kijana ubeti huu, aubandike kwenye ubao wake akipenda:

Gari si rangi ya bodi, wala si kishindo chake,
Ukitaka yako sudi, zitazame nyaya zake,
Fundi mwenye jitihadi, hafichi ufundi wake,
Na mwengine ikibidi, azisome peke yake.