Kabla hujagusa seva, isome kwanza

Ijumaa moja ya Desemba, saa tatu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mteja wangu, mama anayekodisha mahema na viti vya harusi kule Thika. "Kijana wangu, ile tovuti haifunguki. Watu wanapiga wakiuliza bei, na mimi niko barabarani na lori la viti." Nikamjibu kama tunavyojibu sote: "Usijali mama, nipe dakika kumi."

Dakika kumi ziligeuka usiku mzima. Nawaeleza usiku huo ulivyokwenda kwa sababu najua wasee wengi tunaojiita wajenzi wa tovuti tunafanya kazi hivyo hivyo, na wanaolipia ni wateja wetu.

Nilianza kwa kuizima seva na kuiwasha upya. Wapi. Nikaingia mtandaoni, nikanakili amri ya kwanza niliyoiona, nikaibandika. Wapi. Ya pili, ya tatu. Nikafungua faili la mipangilio la Apache, nikabadilisha mistari mitano kwa mpigo bila kuweka nakala ya lile la zamani. Ilipofika saa saba usiku nikafanya ile dhambi tunayoijua sote: `chmod -R 777` kwenye folda nzima ya tovuti. Tovuti ikabaki vile vile, kosa la 500 kila ukurasa.

Saa kumi alfajiri, kwa uchovu tu, nikafungua logi ya makosa. Mstari ule ule ulikuwa unajirudia tangu saa mbili kasorobo usiku: mfumo unashindwa kuandika faili la kikao cha mgeni, `No space left on device`. Yaani hakuna nafasi. Kumbe seva ilikuwa inalia kwa zaidi ya saa nane, na mimi sikuwa nimeiuliza inaumwa wapi.

Kisa hakikuishia hapo. Niliandika `df -h` kuangalia diski, nayo ikaniambia nusu iko wazi. Sasa hii ni nini tena? Kwenye Linux na ndugu zake wa ukoo wa Unix, diski inaweza kujaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida, ukubwa kuisha. Ya pili ni kuisha kwa inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili. Fikiria gesti yenye vyumba vitupu lakini daftari la wageni limejaa, na meneja hakubali mtu alale bila kuandikwa. Kwa diski ya aina ya ext4, idadi ya kurasa za daftari hilo hupangwa siku diski inapofomatiwa. Nikaandika `df -i`. Asilimia 100.

Aliyelijaza ni nani? Mimi. Miezi kadhaa kabla, nilikuwa nimehamisha folda ya vikao hadi mahali ambapo kazi ya cron ya kufagia vikao vya zamani haifiki. Kila mgeni na kila roboti iliyopita iliacha kifaili kidogo, na vyote vikabaki. Kuvifuta kulichukua dakika chache. Kurudisha ile mistari mitano niliyoivuruga kwa mikono yangu kulichukua saa mbili zaidi. Na kichekesho ni hiki: laiti ningejaribu kuweka nakala ya faili la mipangilio saa tatu usiku, amri ya `cp` ingegoma kwa sababu hiyo hiyo ya inodi, na ningeijua shida papo hapo. Nidhamu niliyoiruka ndiyo ingenipa jibu.

Hoja yangu leo ni moja. Kazi ya seva si kujua amri nyingi. Ni kuisoma kabla ya kuigusa. Tumezoea kuiguza kwanza, kisha tunaomba Mungu.

Sisemi haya kama profesa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama, na sijivunii. Lakini nakumbuka tulivyofundishwa seva: tulipewa maana yake, tukaikariri, tukaiandika kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna siku tulipewa seva iliyovunjika tukaambiwa itibuni. Ni kama kumfundisha mtu umekanika kwa kumchoresha injini. Siku gari linapozimika Thika Road, mchoro haumsaidii.

Habari njema ni kwamba mifumo hii ilijengwa na watu wanaotaka uisome. Apache, iliyoanza 1995, huandika makosa yake kwenye `/var/log/apache2/error.log` ukiwa kwenye Ubuntu au Debian, na kwenye `/var/log/httpd/error_log` ukiwa kwenye ukoo wa Red Hat. Nginx, aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004, huandika `/var/log/nginx/error.log`. Ni maandishi ya kawaida. Huhitaji leseni, huhitaji digrii, wala bando kubwa. Andika `tail -f` kisha jina la faili, fungua tovuti kwenye simu yako, na uone mstari unaotokea. Huo ndio ushahidi wako. Mengine yote ni umbea.

Hata nambari za makosa tunazoziogopa zinasema kitu. Chukua 403. Msee akiiona anakimbilia 777. Lakini 403 inasema seva imekuelewa na imekataa, na sababu zake ni kadhaa. Mara nyingi logi itakuambia `Permission denied` na kutaja njia yenyewe. Ukiangalia vizuri unakuta faili liko sawa, ila folda mojawapo ya juu yake haimruhusu mtumiaji wa seva, yule anayeitwa `www-data` kwenye Ubuntu, kupita. Amri ya `namei -l` inakuonyesha kila folda njiani na ruhusa zake, moja moja. Unarekebisha mlango mmoja, huna haja ya kubomoa nyumba. Na kwenye ukoo wa Red Hat unaweza kukuta ruhusa zote ziko sawa na bado umekataliwa, kwa sababu kuna mlinzi mwingine, SELinux, ambaye naye ana daftari lake.

Au chukua 502. Watu huanza kuifokea Nginx. Lakini Nginx ndiyo imepokea mgeni na kukupa jibu, kwa hiyo yenyewe iko hai. Inachosema ni kwamba ilibisha hodi kwa jirani anayepika, labda PHP-FPM au programu yako ya Node, na hakupata jibu la maana. Logi ikisema `Connection refused`, jirani hayuko nyumbani, au wewe ulipeleka hodi kwenye poti isiyo yake. Kuwasha Nginx upya hapo ni kumfukuza askari wa geti kwa sababu mpishi amelala.

Na kabla ya kuwasha chochote upya, uliza kama mipangilio yako iko sawa. `nginx -t` kwa Nginx, `apachectl configtest` kwa Apache. Ni sekunde mbili. Ukiruka hatua hiyo na umesahau nukta-mkato moja, huduma itazima na haitawaka tena, na sasa una shida mbili. Ikigoma kuwaka na kusema `Address already in use`, kuna programu nyingine imekalia poti 80 au 443. `ss -tlnp` kwenye Linux itakutajia ni nani, hasa ukiiendesha kwa `sudo`. Tena usipende kuzima na kuwasha wakati `reload` inatosha. Wateja walio katikati ya kulipa hawapaswi kukatiwa kwa sababu umebadilisha mstari mmoja.

Najua kuna watakaoniambia: mteja analia, nani ana muda wa kusoma? Nawajibu kwa usiku wangu. Kusoma logi kungenichukua dakika tano. Kubahatisha kulinichukua saa saba, kisha saa mbili za kusafisha nilichochafua. Haraka haraka haina baraka, na kwenye seva ina bili.

Wengine watasema siku hizi akili unde inajua kila kitu. Ni kweli inasaidia, mimi pia naitumia. Lakini ukiiambia "tovuti yangu haifunguki" itakupa orodha ndefu ya kubahatisha, kama alivyofanya yule wa mtandaoni. Ukiipa mstari wa logi, baada ya kuondoa majina na nywila, inakupa jibu linalokaribia. Bado wewe ndiye wa kwanza kusoma.

Sasa nirudi kwa ile 777, maana ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilisahau kuirudisha. Wiki tatu baadaye, aliyebonyeza picha ya hema alipelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Aliyeingia alipitia kiprogramu kuukuu cha kupakia picha, ambacho kwa kawaida kingeweza kuandika kwenye folda moja tu. Mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kuandika nyumba nzima. Nambari hiyo maana yake ni kwamba mtumiaji yeyote na programu yoyote iliyo ndani ya mashine hiyo inaweza kusoma, kubadilisha na kufuta. Kwa tovuti nyingi, folda zikiwa 755 na mafaili 644, chini ya mwenyewe anayefaa, inatosha.

Na humo ndani kulikuwa na majina na nambari za simu za watu waliopanga harusi zao. Hilo si jambo la kuchekea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayemiliki data za watu, zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwao, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Atajuaje nini kilichukuliwa, lini, na kupitia wapi? Kwa logi. Yule anayezifuta kwa sababu "zinajaza diski", badala ya kupanga `logrotate` izigeuze na kuzibana, anachoma ushahidi wa mteja wake.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la wataalamu peke yao. Biashara ndogo nyingi mjini zimehamia mtandaoni, na walioshika funguo ni vijana kama mimi, wengi tumejifundisha wenyewe. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuchukua chapaa ya mtu kwa kujenga, kisha kuilinda kazi hiyo kwa kubahatisha.

Kwa hivyo ninaomba mambo matatu. Vyuo na zile kambi za kufundisha kodi, wapeni wanafunzi seva zilizovunjika. Jazeni diski, haribuni ruhusa, acheni cheti cha usalama kife, kisha wapimeni kwa jinsi wanavyotafuta, si kwa maana walizokariri. Kompyuta moja kuukuu yenye Linux inatosha darasa zima kuanza.

Wateja, acheni kununua tovuti kama mnavyonunua bango. Bango ukishalipachika limekaa. Tovuti ina vyeti vya kufanywa upya, vile vya bure vya Let's Encrypt vikiwa vya siku 90 kwa kawaida, ina programu za kusasisha na nakala za kuhifadhi. Muulize kijana wako: nani anaangalia logi, na mara ngapi? Akikosa jibu, umejua. Akikupa jibu, mlipe kila mwezi kwa kazi hiyo, maana ni kazi.

Na sisi tunaoshika hizo funguo, tukubaliane: nakala kwanza, badiliko moja kwa wakati mmoja, andika ulichobadilisha, na likishindwa kusaidia lirudishe kabla ya kujaribu lingine.

Mama wa mahema alinilipa nusu ya pesa ya mwezi huo, na baada ya ile picha ya kamari akahamia kwa msee mwingine. Wateja wawili wa Januari walikuwa wameshakwenda kukodisha kwingine. Simlaumu hata kidogo. Alinipa duka lake nilichunge na mimi nililiacha mlango wazi.

Kama nawe una seva ya mtu mkononi, usingoje simu ya saa tatu usiku. Leo, ikiwa nzima na inapumua, ingia ndani. Soma mistari 20 ya mwisho ya logi ya makosa. Andika `df -h`, kisha `df -i`. Tafuta 777 uliyoiacha mahali ukasahau. Ukikuta kitu usichokielewa, hapo ndipo somo lako linapoanzia.